Chembe Mbili Zilizofungamana: Kompyuta Inaonyesha Nini na Inaficha Nini

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi wao baada ya sala ya Alasiri)



Nimetakiwa na viongozi wa vijana nieleze jambo moja la elimu ya fizikia ambalo siku hizi hutajwa mara nyingi, na wengi wanaolitaja hawalijui. Jambo hilo ni ufungamano wa chembe, yaani ile hali ambayo chembe mbili ndogo mno, kama punje mbili za mwanga zinazoitwa fotoni, zikizaliwa pamoja hubaki na uhusiano hata zikitenganishwa kwa mamia ya maili. Nimetakiwa pia nieleze jinsi kompyuta inavyoweza kutumika kulifundisha. Nimeupokea mwaliko huu kwa furaha na kwa hofu kidogo, maana mimi mwenyewe nililifundisha vibaya kwa miaka kadhaa. Hivyo basi hapana budi nianze kwa kulikiri kosa langu.

Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu hivi: Chukueni jozi ya makubadhi yaliyovuliwa mlangoni pa msikiti. Mtu alitie kila kubadhi katika mfuko wake pasipo kutazama, mfuko mmoja upelekwe Tanga na wa pili Kigoma. Atakayeufungua mfuko Tanga akaona kubadhi la kushoto, papo hapo anajua kuwa lililoko Kigoma ni la kulia. Nikawaambia, basi ufungamano ndio huo. Wanafunzi walifurahi, wakaandika, na mimi nikaenda zangu nikidhani nimefundisha.

Mfano ule ni mwepesi, unapendeza, na ni batili. Kubadhi lilikuwa la kushoto tangu pale mlangoni, na safari haikulibadilisha. Mtu wa Tanga alichokosa ni habari tu. Lau mambo ya chembe yangekuwa hivyo, hakuna mwanachuoni yeyote ambaye angepoteza usingizi kwa ajili yake. John Bell, mwanafizikia mzaliwa wa Belfast aliyefanya kazi katika kituo cha CERN karibu na Geneva, aliandika makala mwaka 1981 juu ya mwenzake aitwaye Bertlmann, ambaye alikuwa na desturi ya kuvaa soksi za rangi mbili mbalimbali. Ukiuona mguu wake mmoja una soksi ya waridi, unajua wa pili si wa waridi. Bell aliuleta mfano huo ili aonyeshe kwamba chembe zilizofungamana si soksi za Bertlmann. Mimi nilikuwa nikifundisha soksi.

Tuitazame historia kwa ufupi. Mwaka 1935 Albert Einstein, pamoja na Boris Podolsky na Nathan Rosen, waliandika kwamba nadharia ya kwanta ina upungufu. Hoja yao ilikuwa kwamba, ikiwa kwa kuipima chembe ya hapa naweza kujua kwa yakini tabia ya chembe ya kule pasipo kuigusa, basi bila shaka tabia hiyo ilikuwamo tangu mwanzo, na nadharia isiyoitaja haijakamilika. Mwaka huo huo Erwin Schrödinger aliipa hali hiyo jina ambalo sisi tunalifasiri kuwa ufungamano. Mtaona kwamba Einstein, kwa namna yake, alikuwa upande wa makubadhi. Haikuwa hoja ya kijinga hata kidogo, na nawaombeni vijana msimdharau mtu kwa kuwa alikosea katika swali ambalo wengine hata kuliuliza hawakuweza. Kwa miaka 29 ugomvi huo ulihesabiwa kuwa wa falsafa, usioweza kuamuliwa kwa vipimo. Kisha mwaka 1964 Bell akaonyesha kuwa unaweza kupimwa.

Sasa nawaombeni mnifuate polepole, maana kiini chote kimo hapa. Mwaka 1981 David Mermin, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliipanga hoja ya Bell kwa namna ambayo hata asiyesoma fizikia anaweza kuifuata. Nami nitaieleza kwa mfano wa maswali.

Chukulia kila fotoni inaweza kuulizwa swali moja kati ya maswali matatu: swali la 1, la 2 au la 3. Katika maabara swali ni kichujio cha mwanga kilichogeuzwa kwa pembe fulani: nyuzi 0, nyuzi 60 au nyuzi 120. Fotoni ikipita tunaandika Ndiyo, ikizuiwa tunaandika Hapana. Fotoni mbili zilizofungamana zinakwenda pande mbili, na kila moja inaulizwa swali lililochaguliwa kwa bahati, kama kwa kurusha dadu. Nadharia ya kwanta inatoa hukumu mbili. Ya kwanza: zikiulizwa swali moja, hujibu sawasawa daima. Ya pili: zikiulizwa maswali mawili tofauti, majibu yao hulingana mara moja tu katika kila mara nne. Kijana anayeijua kosaini ataihakiki mwenyewe: kosaini ya nyuzi 60 ni nusu, na nusu kwa nusu ni robo.

Je, makubadhi yanaweza kufanya hivyo? Yaani, fotoni mbili zinaweza kukubaliana kabla ya safari jinsi ya kujibu, kisha zikatimiza hukumu zote mbili? Hukumu ya kwanza inazilazimisha zibebe orodha moja, kwa kuwa hazijui ni swali gani litakaloulizwa upande wa pili. Na orodha ina majibu matatu, wakati maneno ni mawili tu, Ndiyo na Hapana. Hebu wavisheni watoto watatu kofia, mkiwa na kofia nyeupe na nyeusi peke yake. Mtapanga mtakavyo, lakini wawili watakuwa na rangi moja. Hakuna njia ya kulikwepa hilo. Basi katika jozi tatu za maswali tofauti, yaani 1 na 2, 1 na 3, 2 na 3, walau jozi moja italingana. Hiyo ni theluthi. Makubadhi hayawezi kushuka chini ya theluthi moja, na kwanta inadai robo.

Hapo ndipo palipo na tofauti yote, kati ya theluthi na robo. Mtu aliyesikia mambo makubwa juu ya ufungamano huenda akasikitika kwamba jambo lenyewe limeishia katika tofauti ndogo ya hesabu. Mimi naona uzuri wake ni huo. Swali kubwa la jinsi ulimwengu ulivyo limeshushwa mpaka likawa kitu anachoweza kukihesabu mwanafunzi kwa kalamu.

Sasa nije kwenye kompyuta. Baada ya kuutambua ubovu wa makubadhi yangu, niliandika programu fupi. Ilikuwa ikirusha dadu mbili kuchagua maswali, kisha inatoa majibu mawili, inahesabu, na kuchora nguzo mbili ubaoni kwa kutumia projekta: nguzo moja ikionyesha theluthi, nyingine ikionyesha matokeo. Nikaiendesha mbele ya darasa jozi elfu kadhaa. Nguzo ya matokeo ikatulia kwenye robo, chini kabisa ya theluthi. Nikageuka kwa fahari nikasema, “Mmeona?”

Msichana mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono akasema, “Mwalimu, si umeipanga wewe mwenyewe itoe robo?”

Darasa likacheka, na mimi sikuwa na jibu. Alikuwa amesema kweli tupu. Katika programu yangu kulikuwa na mstari unaosema: ikiwa maswali ni tofauti, jibu la pili lilingane na la kwanza kwa uwezekano wa robo. Nilichowaonyesha ni kwamba kompyuta inatii amri. Chembe hazikuonyeshwa pale hata kidogo.

Ndugu zangu, nimelifikiria swali lile mara nyingi kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Mwigo wa kompyuta si ushahidi. Kompyuta inayoiga mvua haimnyeshei mtu, na inayoiga ufungamano haina fotoni ndani yake. Wazee wetu waliotuuliza, “Hiyo picha imethibitisha nini?” walikuwa na haki ya kuuliza. Ushahidi unatoka maabara. Kwa hiyo yafaa tujiulize, ikiwa mwigo hauthibitishi, unafundisha nini?

Jibu nilililipata kwa kuutazama tena mstari ule ule ulioniaibisha. Angalieni unachohitaji. Ili programu iamue jibu la pili, lazima ijue swali la kwanza, swali la pili na jibu la kwanza, vyote kwa pamoja. Ndani ya kompyuta moja hilo ni jepesi, kwa kuwa kila kitu kimo katika kumbukumbu moja. Lakini fotoni ya kule haimo katika kumbukumbu moja na ya hapa. Programu yangu ilikuwa na uzi wa siri uliounganisha pande mbili, na mimi niliyeiandika sikuuona.

Basi nikabadilisha somo. Badala ya programu moja, niliwataka wanafunzi waandike mbili, kila moja katika kompyuta yake, bila waya wala mtandao kati yake. Kila programu ipewe swali la upande wake tu, itoe jibu. Wanaruhusiwa kabla ya mchezo kukubaliana lolote: orodha, siri, kanuni, hata nambari za bahati za pamoja. Kazi yao ni kutimiza hukumu mbili, ya sawasawa daima na ya robo. Nikawaambia, atakayefaulu nitampa kitabu changu ninachokipenda kuliko vyote.

Kitabu kile bado ninacho. Vijana walihangaika siku nyingi. Wengine walibadilisha orodha kila jozi, wengine wakaziacha programu zijibu kwa bahati. Waliofanya hivyo wa mwisho waliipata nusu, na tena wakaivunja hukumu ya kwanza. Kundi moja lilikuja likisema limeipata robo. Tulipokagua tukaona majibu ya swali moja yalikuwa hayalingani daima. Yaani walilipa deni moja kwa kukopa jingine. Mwisho wakaja kuniambia, “Haiwezekani.” Nikawauliza kwa nini, nao wakanieleza hoja ya kofia kwa maneno yao, bora kuliko nilivyoieleza mimi.

Kisha nikawaruhusu jambo moja tu: waunganishe kompyuta kwa waya, ya kwanza itume swali lake na jibu lake kwa ya pili. Kwa dakika chache wakafaulu. Hapo ndipo niliposikia ukimya darasani, ule ukimya ambao kila mwalimu anautamani. Wakaelewa kwamba chembe hufanya ambalo kompyuta mbili haziwezi kulifanya pasipo waya. Nao wakaniuliza swali lililofuata kwa haki: “Je, chembe nazo zina waya?”

Hapa mwigo unanyamaza, na maabara inazungumza. Mwaka 1972 Stuart Freedman na John Clauser, huko Berkeley, California, walipima jozi za fotoni zilizotoka katika atomi za kalsiamu, wakapata matokeo yanayokubaliana na kwanta na kuvuka mpaka wa Bell. Mwaka 1982 Alain Aspect na wenzake huko Orsay, Ufaransa, waliweka vipimo umbali wa mita 12, wakawa wanabadilisha swali wakati fotoni ziko njiani. Mwanga wenyewe huhitaji nanosekunde 40 kuvuka mita 12, na wao walikuwa wakibadilisha kila nanosekunde 10 hivi. Mjumbe yeyote kati ya pande mbili angehitaji kwenda kwa kasi kuliko mwanga. Mwaka 2015 kundi la Delft, Uholanzi, lilitumia elektroni ndani ya vipande vya almasi vilivyotenganishwa kwa kilomita 1.3, likaziba mianya mikubwa ambayo wapinzani walikuwa bado wakiitaja. Na mwaka 2017 Wachina walitoa habari ya fotoni zilizofungamana zilizorushwa na setilaiti yao Micius hadi vituo viwili vya ardhini vilivyo umbali wa zaidi ya kilomita 1,200. Mwaka 2022 Aspect, Clauser na Anton Zeilinger wa Austria walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hizi.

Niongeze neno moja ili nisije nikafanya kosa jipya. Maabara halisi haipimi robo na theluthi kama nilivyoeleza. Vifaa vina kasoro, fotoni hupotea, na ile hukumu ya “sawasawa daima” haipatikani kwa ukamilifu. Kwa ajili hiyo hutumika kipimo kilichoandikwa mwaka 1969 na Clauser, Horne, Shimony na Holt, ambacho kinavumilia kasoro. Katika kipimo hicho makubadhi hayavuki 2, na kwanta inaweza kufika karibu 2.83. Delft walipata 2.42, kwa majaribio 245 yaliyochukua saa 220. Hebu lifikirini hilo: saa 220 za kazi kwa majaribio 245, wakati programu ya mwanafunzi hutoa jozi milioni kabla hujamaliza kunywa chai. Mtoto asipoambiwa tofauti hiyo, atadhani elimu hupatikana kwa kubonyeza kitufe.

Pamoja na hayo, wingi huo wa jozi una faida yake. Tuliucheza mchezo huo kwanza kwa karatasi, vyumba viwili, dadu na maswali. Katika mizunguko 90 maswali hutofautiana mara 60 hivi. Orodha bora kabisa italingana mara 20, na kwanta ingelingana mara 15. Lakini bahati peke yake huweza kuyumbisha hesabu hiyo kwa nne au zaidi juu na chini, kwa hiyo siku nyingine watoto wanafika 16 wakaanza kushangilia. Ukiiachia kompyuta ikacheza mara 6,000 za maswali tofauti, orodha itakaa karibu na 2,000 na kwanta karibu na 1,500, na myumbo wa kawaida ni 40 hivi tu. Mia tano haziwezi kufichwa na myumbo wa 40. Hapo mwanafunzi hujifunza somo ambalo ni kubwa kuliko fizikia: kwamba matokeo machache yanaweza kumdanganya mtu mwaminifu.

Faida nyingine ya mwigo ni kumwonyesha mwanafunzi kile ambacho ufungamano hauwezi kufanya. Mwambie atazame majibu ya upande mmoja tu. Ataona Ndiyo na Hapana nusu kwa nusu, kama sarafu inayorushwa, hata upande wa pili wakiuliza swali lolote au wasiulize kabisa. Uhusiano hauonekani mpaka karatasi mbili ziletwe pamoja na kulinganishwa, na karatasi husafiri kwa posta, kwa simu, kwa njia za kawaida. Kwa hiyo ufungamano si simu. Hautumi salamu, wala amri, wala habari yoyote kwa kasi kuliko mwanga.

Nalisisitiza hili kwa sababu maalumu. Siku hizi kuna watu wanaouza dawa, hirizi mpya na “tiba ya mawimbi” wakilitaja neno kwanta, na kumwambia mgonjwa kwamba chembe za mwili wake zimefungamana na chembe za picha yake. Wengine hulitumia kueleza majini na ndoto. Na nimesikia, nasema kwa heshima, hata wahubiri wetu wakilichukua jambo hili kuwa hoja ya mimbarini baada ya kulisikia juzi. Mwenye kuijua hesabu ya kofia hawezi kuuziwa hirizi hiyo, maana atauliza: swali lilikuwa lipi, jibu lilikuwa lipi, na yalilingana mara ngapi katika mara ngapi? Ama kuhusu mimbari, maoni yangu ni kwamba imani haihitaji kuegemezwa kwenye jambo ambalo msemaji hawezi kulieleza akiulizwa na mtoto wa kidato cha tatu.

Wazazi wameniuliza kuhusu vifaa. Havina gharama kama mnavyodhani. Chuo Kikuu cha Colorado kilichoko Boulder kina mradi uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa miongoni mwa waliopewa Nobel ya fizikia. Miigo yao ni ya bure, inaweza kuhifadhiwa katika kompyuta na kutumika pasipo intaneti, na baadhi imefasiriwa kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, nacho kina miigo iitwayo QuVis, ambayo baadhi yake inalinganisha waziwazi chembe zilizofungamana na chembe zilizobeba orodha ya siri. Mwanafunzi anageuza pembe, anaendesha jozi nyingi, na kuona ni wapi nadharia mbili zinaachana. Kwa upande wangu naupenda kuliko mingine yote, kwa kuwa unamwekea mwanafunzi dai la Einstein mezani kwa heshima na kumwachia aone linapokwama.

Michoro mingine siipendi. Ipo inayochora fotoni mbili kisha mmweko wa umeme ukiruka kutoka moja hadi nyingine pale moja inapopimwa. Mmweko huo hakuna aliyewahi kuuona. Aliyeuchora alitaka kumsaidia mtoto, naye amempa waya uleule wa siri uliokuwa katika programu yangu, sasa ukiwa na rangi.

Aidha, tangu mwaka 2016 kampuni ya IBM ilipofungua kompyuta yake ndogo ya kwanta yenye kyubiti tano itumike kupitia intaneti, mwanafunzi ameweza kupeleka zoezi lake kwenye chembe halisi. Akifungamanisha kyubiti mbili katika mwigo, atapata majibu ya sifuri-sifuri na moja-moja tu. Akipeleka zoezi hilo hilo kwenye mashine halisi, atapata pia sifuri-moja na moja-sifuri chache zisizotakiwa. Hizo ni kasoro za mashine, na nawashauri walimu wasizifute ubaoni. Mtoto aliyeziona ameonja maabara.

Kijana mmoja alinitumia swali kwa karatasi: Kwa nini basi wanajenga kompyuta za kwanta, ikiwa ya kawaida inaweza kuiga? Jibu ni kwamba inaweza kuiga chembe chache. Kuandika hali ya kyubiti mbili zilizofungamana unahitaji nambari nne. Kyubiti 10 zinahitaji 1,024. Kila kyubiti inayoongezwa inazidisha hesabu mara mbili. Kyubiti 30 zinahitaji nambari zaidi ya bilioni moja, yaani gigabaiti 17 hivi za kumbukumbu, kiasi ambacho kompyuta nzuri ya mezani inakiweza kwa taabu. Kyubiti 50 zinahitaji zaidi ya milioni moja ya gigabaiti. Kyubiti 300 zinahitaji nambari nyingi kuliko atomi za ulimwengu wote unaoonekana. Richard Feynman aliligusa jambo hili katika hotuba yake ya mwaka 1981, iliyochapwa mwaka 1982, aliposema kwamba mashine ya kawaida haiwezi kuiga maumbile ya kwanta ipasavyo, na akapendekeza mashine ambayo yenyewe ni ya kwanta. Katika hotuba hiyo hiyo alipitia hoja ya Bell, kwa sababu ileile iliyowakwamisha vijana wangu na kompyuta zao mbili.

Nina jambo moja la mwisho kuhusu bahati. Dadu ya kompyuta si dadu ya kweli. Ni hesabu ndefu inayoanza kwa nambari moja ambayo waandishi wa programu huiita mbegu. Ukiianza tena kwa mbegu ileile, itakutolea majibu yaleyale kwa mpangilio uleule. Tuliwahi kuendesha programu mara mbili kwa mbegu moja, na wanafunzi wakashangaa kuona “bahati” ikijirudia jibu kwa jibu. Delft walitumia vifaa maalumu vya kutoa bahati ili kuchagua maswali, kwa sababu lau maswali yangeweza kubashiriwa, makubadhi yangepata mwanya wa kujiandaa.

Msichana yule wa nyuma aliniuliza baadaye kama nakumbuka swali lake. Nilimwambia nalikumbuka. Akasema bado halijajibiwa lote, maana tumeonyesha kuwa chembe hazibebi orodha, na kuwa haziwezi kutumiana habari, lakini hatujasema zinafanyaje. Nikamwambia kuwa wanafizikia wenyewe wana tafsiri zaidi ya moja juu ya hilo, na hesabu za tafsiri hizo zinatoa robo ileile, kwa hiyo vipimo hivi havijawapatanisha. Hakuridhika, na mimi sikumlazimisha aridhike.

Karatasi za mchezo wa maswali matatu zipo kwa katibu wa vijana, pamoja na dadu mbili. Watakaopenda kuucheza wiki ijayo wajigawe katika makundi mawili, kundi moja likae ukumbini na la pili kwenye chumba cha madrasa, na simu zote ziachwe mlangoni.